Bia Ikishapoteza Ubaridi: Ninazozipenda Miongoni mwa Bia za Kawaida na Vileo Vingine

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiipima bia kwa njia moja tu. Ninaimimina kwenye glasi safi, ninakunywa nusu ikiwa bado baridi, kisha ninaiacha nusu iliyobaki mezani kwa muda wa nusu saa na kuirudia baadaye. Bia iliyotolewa kwenye friji muda huo huo karibu zote hupendeza, kwa sababu baridi huufanya ulimi usiupate vizuri utamu, nayo harufu haipandi puani, na kinachosikika zaidi ni mchomo wa gesi kooni. Nusu saa baadaye gesi imepungua, ubaridi umekwisha, na hapo ndipo inapojulikana kama ndani ya glasi mlikuwa na bia au mlikuwa na ubaridi peke yake. Ninazozitathmini hapa ni bia na vileo vya viwanda vikubwa, vile vinavyouzwa katika nchi nyingi, na ambavyo nimevinywa mara nyingi kiasi cha kuwa na msimamo navyo.

Nyingi ya bia hizo ni laga. Chachu ya laga hufanya kazi katika ubaridi, kwa kawaida kati ya nyuzi 7 na 13 za Selsiasi, na mwisho wa kazi yake hutuama chini ya tangi, ilhali chachu ya eli, ile jamii nyingine kubwa ya bia, hupenda joto zaidi na hupanda juu. Baada ya kuchachuka, laga hulazwa kwa majuma kadhaa katika ubaridi unaokaribia kugandisha, na jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi ghalani. Utaratibu huo huzaa kinywaji kisafi, chenye harufu chache za matunda, na usafi huo ndio sifa yake na ndio mtihani wake pia. Katika bia nzito na nyeusi kasoro ndogo inaweza kufunikwa na ladha nyingine, lakini katika laga iliyo nyepesi na angavu hakuna pazia: kimea kikiwa duni au hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zikiwa chache, mnywaji ataonja ombwe.

Miongoni mwa laga zote, Pilsner Urquell ndiyo ninayoiweka mbele, na ningependa kueleza sababu kwa kirefu. Bia hii ilizaliwa katika mji wa Plzeň, Bohemia, katika Ucheki ya leo, mwaka 1842, pale mtengenezaji wa bia kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll alipoyakutanisha maji laini ya mji huo, kimea cheupe kilichokaushwa kwa uangalifu, na hopsi za Saaz zinazolimwa upande huo huo wa Bohemia. Kabla ya hapo wanywaji wengi wa Ulaya walizoea bia za rangi ya kahawia au nyeusi, zenye ukungu, kwa hiyo kinywaji cha rangi ya dhahabu kinachopitisha mwanga kilikuwa jambo geni. Laga nyingi za rangi hiyo zinazouzwa leo duniani zimefuata njia iliyofunguliwa hapo. Kiwango chake cha kilevi ni asilimia 4.4, kidogo kuliko laga nyingi, lakini ina mwili zaidi kuliko nyingi kati ya hizo, na sehemu ya sababu ni kwamba watengenezaji wake bado huchota sehemu ya uji wa kimea, huichemsha peke yake na kuirudisha tangini, na kazi hiyo huifanya mara tatu.

Ikiwa baridi, Pilsner Urquell huanza na utamu wa ganda la mkate uliotoka tanurini, kisha uchungu huingia na kukaa nyuma ya ulimi kwa muda mrefu. Wageni wake wengi huukunjia uso uchungu huo katika mafunda ya kwanza, nami nilikuwa mmoja wao. Baada ya nusu saa ya kupoteza ubaridi, jambo ambalo bia nyingi haziliwezi hutokea: utamu hugeuka kuwa wa asali, harufu ya hopsi hujitokeza kama majani makavu yaliyosagwa kiganjani, hujitokeza pia kitu chembamba kinachonikumbusha siagi, na uchungu haugeuki kuwa mkali wala wa chuma. Bado inanyweka, na kwangu hicho ndicho kipimo. Ninaamini pia kwamba kuinywa ikiwa baridi kupita kiasi ni kuionea, kwa hiyo huitoa kwenye friji dakika kumi kabla ya kuifungua.

Heineken nayo ninaiheshimu kuliko baadhi ya watu wanaojihesabu kuwa wajuzi wa bia. Ilianzishwa Amsterdam mwaka 1864, na tangu mwaka 1886 inatumia chachu yake yenyewe iliyotengwa maabara, ambayo wenyewe huiita chachu A. Mtu akiinusa kwa utulivu ikiwa imepoteza baridi kidogo, ataipata harufu nyepesi ya ndizi mbivu, na harufu hiyo hutokana na chachu. Haina kina cha Pilsner Urquell, uchungu wake ni mdogo na hukatika mapema, lakini inakaribiana sana na yenyewe popote unapoinunua. Uthabiti wa namna hiyo si jambo dogo, kwani kutengeneza kinywaji kimoja chenye ladha ileile katika viwanda vingi, kwa maji tofauti na mavuno tofauti ya shayiri, ni ufundi mgumu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa Carlsberg, sifa yangu kubwa inaelekea kwenye maabara yake kuliko kwenye chupa yake. Ni humo, Copenhagen, ambamo Emil Christian Hansen alifaulu mwaka 1883 kuikuza chachu safi kutokana na seli moja, na kiwanda hakikuuficha ujuzi huo bali kiliwagawia wengine. Kabla yake mtengenezaji wa bia hakuwa na uhakika kama tangi la leo lingetoa bia au siki. Katika maabara hiyo hiyo ndimo S. P. L. Sørensen alimobuni kipimo cha pH, kile cha ukali wa asidi, mwaka 1909. Bia yenyewe ni laini, yenye utamu mdogo wa nafaka, na ninainywa bila malalamiko ikiwa baridi, ingawa katika nusu ya pili ya glasi huwa sina hamu nayo tena.

Hapa sina budi kusimama kwenye suala la chupa, kwa sababu watu wengi wameichukia bia fulani ilhali mkosaji alikuwa kioo. Hopsi huacha ndani ya bia vitu vinavyoipa uchungu, na vitu hivyo havistahimili mwanga. Mwanga wa jua, na hata wa taa za dukani, ukivifikia huvivunja, navyo huungana na salfa iliyomo katika bia na kutoa harufu inayofanana kabisa na ile ya kicheche aliyekasirishwa. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo mharibifu, kioo cha kijani huzuia kidogo tu, na kioo kisicho na rangi karibu hakizuii kitu. Kopo huzuia wote. Niliwahi kununua katoni nzima ya bia ya chupa za kijani iliyokuwa imepangwa karibu na dirisha la duka, na chupa ya kwanza nilipoifungua, harufu ilinifikia kabla ya glasi kufika mdomoni. Nilidhani imeoza, na ni baada ya kusoma na kulinganisha ndipo nilipoelewa kwamba bia iliondoka kiwandani ikiwa nzima, ikaharibiwa na rafu. Tangu siku hiyo, bia ileile ikiwepo kwenye kopo na kwenye chupa ya kijani, huchukua kopo bila kusita, nami humimina kwenye glasi, kwa maana kunywa moja kwa moja kutoka kwenye kopo ni kuinyima pua sehemu yake.

Corona Extra ni mfano mzuri wa jambo hilo, kwa kuwa chupa yake haina rangi kabisa. Bia hii ya Meksiko, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1925, hunyweka sana ikiwa baridi na ikiwa imetiwa kipande cha ndimu shingoni. Ndimu huipa ukali ambao bia yenyewe haina, na harufu ya mafuta ya ganda lake hutangulia mbele ya kila harufu nyingine. Siioni kuwa bia mbaya. Ninaiona kuwa kinywaji cha ndimu chenye bia ndani yake, na kwa mtu mwenye kiu hicho ni kitu halali kabisa, lakini mtihani wangu wa nusu saa haiuvuki.

Budweiser, ile ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1876, ina mchele pamoja na kimea cha shayiri. Wapo wanaouchukulia mchele huo kama udanganyifu, na huleta ushahidi wa amri ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji peke yake. Sikubaliani nao. Mchele hutoa sukari ambayo chachu huimaliza karibu yote, na kinachobaki ni bia kavu, nyepesi, isiyoacha utamu mdomoni, na iliyo angavu sana. Mtengenezaji alikusudia wepesi na wepesi ameupata. Ninachoweza kusema ni kwamba wepesi huo si chaguo langu: nikiirudia baada ya kupoteza ubaridi, huonja nafaka kidogo, harufu ndogo ya tofaa, kisha maji. Anayetaka jina hilo hilo lenye ladha nzito zaidi aitafute bia ya Budweiser Budvar kutoka České Budějovice, ambayo ni ya kiwanda kingine kabisa kilichoanza mwaka 1895, na ambayo katika baadhi ya nchi huuzwa kwa jina tofauti kutokana na mgogoro mrefu wa haki ya jina kati ya viwanda hivyo viwili. Hiyo ina uchungu wa heshima na utamu wa kimea unaodumu, nami huiweka mara baada ya Pilsner Urquell.

Kutoka dhahabu ninahamia kwenye weusi, na hapa Guinness haina mpinzani miongoni mwa bia za viwanda vikubwa. Arthur Guinness alitia sahihi mkataba wa kupanga kiwanda cha St James's Gate, Dublin, mwaka 1759, kwa muda wa miaka 9,000, na nikiinywa bia yake mimi humwelewa mtu aliyejiamini kiasi hicho. Rangi na ladha yake hutokana na shayiri iliyokaangwa bila kugeuzwa kimea, ikaangwa hadi kukaribia kuwa kama buni za kahawa, na ndiyo maana mnywaji huipata ladha ya kahawa chungu na ya ganda la mkate uliokaribia kuungua. Ile ya bomba na ya kopo husukumwa kwa mchanganyiko wa gesi ambamo nitrojeni ndiyo nyingi. Nitrojeni haiyeyuki kwa urahisi katika kimiminika, kwa hiyo hutoka kwa viputo vidogo mno vinavyofanya povu zito kama maziwa ya mtindi. Ndani ya kopo kuna kidude cha plastiki kinachoachia gesi pale tu kopo linapofunguliwa, na asiyejua hulitikisa kopo tupu akidhani limeingiwa na jiwe.

Wengi huiogopa Guinness kwa rangi yake wakidhani ni nzito na kali. Hii ya bomba ina kilevi cha asilimia 4.2 tu, chini ya laga nyingi za asilimia 5, na mdomoni ni laini kuliko inavyoonekana. Kosa linalofanywa ni kuichukulia kuwa ni sawa na ile ya chupa iitwayo Foreign Extra Stout, ambayo hiyo ni bia nyingine kabisa: haina nitrojeni, gesi yake huchoma, uchungu wake ni mkubwa, na katika nchi nyingi kilevi chake hufikia asilimia 7.5. Chupa yake ya mililita 330 ina karibu mililita 25 za kilevi halisi, wakati laga ya asilimia 5 katika chupa ya ukubwa huo huo ina mililita 16 na nusu. Kwa hiyo mtu anayeihesabu kama chupa moja ya kawaida anajihesabia vibaya, na ninashauri macho yaende kwenye asilimia kabla ya kwenda kwenye bei. Kati ya hizo mbili, mimi huipenda zaidi ya chupa. Ikipoteza ubaridi hufunguka kwa namna ya ajabu: huja zabibu kavu, molasi, kahawa, na ukakasi mdogo unaozuia utamu kuchosha. Sijui bia nyingine inayopatikana kwa wepesi kiasi hicho ambayo huwa bora kwa kadiri inavyokaa. Humaliza moja kwa saa nzima, na sina haja ya ya pili.

Hoegaarden ya Ubelgiji nitaitaja kwa ufupi. Mtindo wake wa bia ya ngano yenye ukungu ulikuwa umekufa katika kijiji cha jina hilo hadi Pierre Celis alipoufufua katika miaka ya 1960. Ina mbegu za giligilani na maganda ya chungwa, na nimeona watu wasiopenda bia wakiimaliza. Huvuka nusu saa yangu kwa shida, kwani giligilani huanza kuonekana kama sabuni.

Bia zisizo na kilevi zimebadilika sana, nami nimebadilika pamoja nazo. Zamani zilikuwa na ladha ya uji wa shayiri uliotiwa sukari, kwa kuwa nyingi zilisimamishwa kuchachuka mapema. Heineken 0.0, iliyoingia sokoni mwaka 2017, huchachushwa kwanza na kilevi huondolewa baadaye, na ikiwa baridi inaweza kumdanganya mtu asiyeangalia kibandiko. Ni nzuri kwa yeyote atakayeendesha gari. Kasoro yake ni utamu unaobaki mdomoni, ambao baada ya nusu saa huwa mwingi mno kwangu.

Vileo vya tofaa vya viwandani, vile vinavyoitwa saida, vimenishinda. Nyingi hutiwa sukari baada ya kuchachuka, kisha barafu huongezwa juu ya glasi ili utamu huo ufichike. Tofaa lenyewe silioni humo.

Kwenye wiski kipimo changu kinageuka, kwa sababu hakuna ubaridi wa kuondoa. Badala yake mimi huongeza kijiko kimoja cha maji ya kawaida. Maji hupunguza ukali wa kilevi na kuziachia harufu zipande, na wiski iliyotengenezwa vizuri hunukia zaidi baada ya kijiko hicho, wakati iliyo duni huonekana kama imechakachuliwa. Johnnie Walker ya kibandiko chekundu hufaa kuchanganywa na soda, na hapo haina ubaya, lakini ikiwa peke yake huwa kali na fupi. Ile ya kibandiko cheusi ni kinywaji cha daraja jingine: namba 12 iliyoandikwa juu yake ina maana kwamba hata wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo imekaa katika pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua 12, ilhali sheria ya wiski ya Uskoti hudai miaka 3 tu. Ndani yake mna moshi, zabibu kavu, ganda la chungwa na vanila, na hakuna kinachompita mwenziwe kelele. Jameson ya Ayalandi, inayokenekwa (yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa) mara tatu, ni laini na yenye utamu wa nafaka, na ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Bourbon za Marekani, ambazo lazima ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 na zilazwe katika mapipa mapya yaliyochomwa ndani, zina utamu wa karameli ninaoupenda kwa funda mbili na kuuchoka kwa la tatu. Kuhusu wiski za kisiwa cha Islay, Uskoti, kama Laphroaig, ambazo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni, sina msimamo wa kati: harufu yao ya iodini na ya bandeji za hospitali nilianza kwa kuichukia, na sasa ndiyo ninayoitafuta mvua inaponyesha.

Vodka nimeacha kuichagua. Inakenekwa na kuchujwa ili isiwe na ladha, na pale inapofaulu sina cha kutathmini. Jini ina mengi zaidi ya kusema kwa sababu punje za juniperi ni lazima ziwe ladha yake kuu, na kati ya zile zinazopatikana kila mahali Tanqueray huniridhisha kuliko Gordon's, kwa ukavu wake na kwa harufu ya msonobari isiyozimwa na toniki. Toniki yenyewe ichaguliwe kwa makini, kwa maana toniki yenye sukari nyingi huua jini ya aina yoyote, na uchungu wa kwinini ndio unaopaswa kutangulia. Baileys, kileo cha krimu na wiski, ni tamu, nzito, na glasi moja ndogo hunitosha kwa miezi.

Kilichonishangaza zaidi ni Campari. Kinywaji hiki chekundu kilibuniwa Italia na Gaspare Campari mwaka 1860, na mara ya kwanza nilipokionja nilimwaga glasi nzima, kwa kuwa niliitarajia sharubati na nikakutana na dawa. Nilirudi kwake miaka kadhaa baadaye, baada ya Pilsner Urquell kunifundisha kuusubiri uchungu upite hatua yake ya kwanza, na nikalikuta chungwa, mitishamba na kitu kama ganda la mti uliokauka. Ninakinywa kwa soda na barafu nyingi. Hapa mtihani wangu unakwenda kinyume na ulivyo kwenye bia, kwani barafu inavyozidi kuyeyuka ndivyo utamu unavyopungua na chungwa linavyojitokeza, na sehemu iliyo bora kabisa ni ile ya mwisho, pale barafu imekuwa vipande vyembamba na wekundu umefifia hadi kuwa wa waridi.